Kiitaliano Mlangoni mwa Chuo Kikuu: Funzo kutoka Mogadishu

Hoja moja hujirudia kila mjadala wa lugha ya kufundishia unapofufuka nchini mwetu. Kiswahili, inasemwa, kinatosha kuwafundisha watoto. Lakini mwanafunzi akifika juu hana budi kuingizwa katika lugha kubwa ya kigeni, kwa sababu elimu ya juu imeandikwa katika lugha hiyo. Akiwa na akili atajifunza. Apewe kozi ya miezi michache, kisha aingie darasani. Wanaoitoa hoja hii huizungumza kana kwamba ni jambo ambalo halijafanyika mahali popote, na kwamba matokeo yake tunaweza kuyakisia tu. Ukweli ni kwamba limefanyika, tena kwa jirani yetu, na historia yake inastahili kusomwa na kila anayeshughulika na sera za elimu.

Nazungumzia Somalia ya miaka ya 1970 na 1980. Kijana wa Kisomali wa wakati huo alisoma shule ya msingi kwa Kisomali, akasoma sekondari kwa Kisomali, akafanya mitihani yake kwa Kisomali, akafaulu. Alipofika Chuo Kikuu cha Taifa mjini Mogadishu kusomea udaktari, uhandisi, kilimo au sheria, aliambiwa kwamba mihadhara ni ya Kiitaliano. Lugha hiyo hakuwahi kufundishwa. Huenda babu yake aliijua kidogo kwa kuwatumikia Waitaliano. Yeye aliijua kupitia majina ya vyakula tu. Ikambidi aanze alifu kwa ujiti, akiwa mtu mzima, na kwa kasi, kwa kuwa baada ya muhula mmoja hivi wa maandalizi alitarajiwa kumfuata profesa aliyetoka Ulaya.

Tujiulize basi: nchi iliyokuwa imepiga hatua kubwa kiasi hicho katika kuitukuza lugha yake ilifikaje hapo? Nani alinufaika? Na kilibaki nini wafadhili walipoondoka?

Dola moja, lugha mbili za ofisini

Kusini mwa Somalia palikuwa koloni la Italia hadi mwaka 1941, majeshi ya Uingereza yalipolitwaa katika Vita Kuu ya Pili. Shule kwa ajili ya Wasomali zilikuwa chache, nyingi zikiwa mikononi mwa wamisionari, na lengo lake halikuwa kuwatoa wasomi. Koloni lilihitaji makarani wadogo, wakalimani na vibarua. Baada ya vita Umoja wa Mataifa uliirudishia Italia nchi hiyo, safari hii kama mdhamini na kwa muda maalumu: miaka 10, kuanzia mwaka 1950 hadi 1960. Ni katika kipindi hicho cha udhamini ambapo Kiitaliano kilisambazwa shuleni kwa juhudi, na ndipo, mwaka 1954, ilipoanzishwa mjini Mogadishu taasisi ya juu ya masomo ya sheria, uchumi na jamii. Taasisi hiyo ndiyo mbegu ya chuo kikuu kilichokuja baadaye.

Kaskazini, Waingereza walitawala kwa lugha yao. Tarehe 26 Juni 1960 sehemu hiyo ilipata uhuru, na tarehe 1 Julai iliungana na kusini kuunda Jamhuri moja. Wananchi walikuwa na lugha moja ya nyumbani, dini moja, na kwa kiasi kikubwa utamaduni mmoja. Kwa bara hili, hiyo ni neema adimu. Hata hivyo serikali yao ilizaliwa na ndimi mbili za kigeni. Karani wa Hargeisa aliandika kwa Kiingereza. Karani wa Mogadishu aliandika kwa Kiitaliano. Na wote wawili, wakikutana mkahawani, walizungumza Kisomali kisichokuwa na maandishi rasmi. Hata hati ya muungano ilitungwa mara mbili. Baraza la kaskazini lilipitisha sheria yake, la kusini likaridhia nyingine, na ikabidi Bunge la pamoja lipitishe sheria mpya mwezi Januari 1961 ili kuziba pengo. Mfumo wa sheria nao ulibeba mizigo minne: sheria ya Kiingereza, sheria ya Kiitaliano, sharia ya Kiislamu, na mila za wenyeji ziitwazo *xeer*.

Mtumishi wa umma anaelewa maana ya hali hiyo. Jalada likitoka ofisi moja kwenda nyingine linahitaji mfasiri. Nafasi ya kazi hutolewa kwa kuzingatia lugha ya kigeni anayoijua mwombaji, wala si ujuzi wake. Malalamiko ya watu wa kaskazini, walioona kwamba mji mkuu na mamlaka vimekwenda kusini, yalikuwa na sababu nyingi. Lakini lugha ya ofisini ilikuwa mojawapo.

Mwaka 1972

Kwa nini Kisomali hakikutumika tangu mwanzo? Kwa sababu Wasomali hawakukubaliana kiandikwe vipi. Wako waliotaka hati za Kiarabu kwa sababu ya dini na historia. Wako waliotaka hati ya Osmania, iliyobuniwa na Osman Yusuf Kenadid mnamo miaka ya 1920, kwa kuwa ni ya Kisomali halisi. Wako waliotaka hati za Kilatini kwa sababu mashine za chapa na taipureta zilikuwapo tayari. Serikali za kiraia za miaka ya 1960 ziliunda kamati, zikapokea ripoti, na zikaogopa kuamua.

Utawala wa kijeshi wa Jenerali Mohamed Siad Barre, ulioingia kwa mapinduzi tarehe 21 Oktoba 1969, uliamua. Katika maadhimisho ya tarehe 21 Oktoba 1972 ulitangaza kwamba Kisomali kitaandikwa kwa hati za Kilatini na kuwa lugha rasmi ya dola. Watumishi wa serikali walipewa miezi michache tu wajifunze kusoma na kuandika lugha yao. Mwezi Januari 1973 gazeti la kila siku la Kisomali, *Xiddigta Oktoobar*, likaanza kutoka. Mwaka 1974 shule zilifungwa na zaidi ya wanafunzi na walimu 20,000 wakapelekwa vijijini na kwenye malisho ya wafugaji kufundisha kusoma na kuandika, hadi ukame mkali ulipolazimisha kampeni hiyo igeuke kuwa kazi ya kuokoa maisha.

Utawala ule ulikuwa wa mabavu, na uliwatesa na kuwaua raia wake. Hakuna haja ya kuupamba. Lakini katika suala la lugha ulifanya jambo ambalo wengi wetu tunaambiwa haliwezekani. Katika miaka michache kamati za walimu na wataalamu zilitunga istilahi, zikaandika vitabu vya hisabati, fizikia, kemia, biolojia na jiografia, na Kisomali kikapanda kutoka darasa la kwanza hadi mwisho wa sekondari. Maneno yalitafutwa ndani ya lugha: ujamaa ukaitwa *hantiwadaag*, yaani kushirikiana mali. Mengine yalikuwa tayari yameingia kutoka Kiarabu, na msomaji wa Kiswahili atayatambua bila kamusi: *cilmi* ni elimu, *xisaab* ni hesabu, *macallin* ni mwalimu.

Kisha safari ile ikakwama mlangoni mwa chuo kikuu.

Kwa nini Kiitaliano kilibaki

Taasisi ya mwaka 1954 ilikuwa imepanda hadhi na kuwa Chuo Kikuu cha Taifa mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970. Vitivo viliongezwa: tiba, kilimo, utabibu wa mifugo, uhandisi, jiolojia na vinginevyo. Walimu wengi walitoka Italia, wakilipwa kupitia bajeti ya serikali ya Italia ya ushirikiano wa maendeleo. Kitivo cha tiba, kwa mfano, kililelewa na Chuo Kikuu cha Padova. Chuo cha ualimu cha Lafoole, nje kidogo ya Mogadishu, kilifundisha kwa Kiingereza kwa sababu asili yake ilitokana na msaada wa Marekani. Kwa maneno mengine, lugha ya kila kitivo iliamuliwa na anayelipa mishahara.

Wakati wa vita vya Ogaden vya mwaka 1977 na 1978 na baada yake, Somalia ilipowafukuza Wasovieti na kuegemea upande wa Magharibi, uzito wa Italia uliongezeka. Kwa Roma, chuo kikuu kile kilikuwa mradi wa heshima: chuo kikuu cha Afrika kusini mwa Sahara kinachofundisha kwa Kiitaliano. Kwa Mogadishu, kilikuwa njia ya kupata madaktari na wahandisi bila kugharimia walimu. Kila upande ulikuwa na sababu yake, na sababu zote mbili zinaeleweka. Asiyeulizwa alikuwa mwanafunzi.

Muhula wa maandalizi

Tuangalie sasa alichokutana nacho mwanafunzi huyo, kwa kuwa watunga sera hulisema neno "atajifunza" kwa wepesi mno.

Yapo mambo ambayo Msomali aliyapokea kwa urahisi kuliko ambavyo sisi Waswahili tungeyapokea. Kisomali kina jinsi za nomino, ya kiume na ya kike, kama Kiitaliano. Mzungumzaji wa Kiswahili, aliyezoea ngeli zisizojali uke wala ume, huona ajabu kuambiwa kwamba meza ina jinsi na kitabu kina nyingine. Zaidi ya hapo, katika Kisomali nomino nyingi hubadili jinsi zinapoingia katika wingi. Kiitaliano kinalo jambo kama hilo katika maneno machache tu, ambayo huwachanganya wanagenzi wa Ulaya: kidole, *il dito*, ni cha kiume, lakini vidole, *le dita*, ni vya kike. Msomali hakushangaa. Vilevile Kisomali hutofautisha konsonanti moja na konsonanti iliyokazwa, kwa hiyo sikio lake lilikuwa tayari kusikia tofauti kati ya *pala*, yaani sepetu, na *palla*, yaani mpira.

Ugumu ulikuwa kwingine. Kisomali hakina sauti /p/ wala /v/ wala /z/. Ndiyo maana maneno ya Kiitaliano yaliyoingia zamani yalibadilika: *pasta* ikawa *baasto*, *posta* ikawa *boosto*, *borsa* ikawa *boorso*. Sokoni ubadilishaji huo ni haki ya kila lugha, na sisi tumefanya vivyo hivyo kwa Kireno na Kiingereza. Darasani, mbele ya mtahini, ulihesabiwa kuwa kosa. Tena ule mnyambuliko wa vitenzi vya Kiitaliano, wenye nyakati nyingi na dhamira ya masharti inayojitokeza katika karibu kila sentensi ya kitaalamu, hauzoeleki kwa miezi sita.

Hata hivyo tatizo kubwa halikuwa sauti wala sarufi. Kujua lugha ya kununulia mboga na kujua lugha ya kujengea hoja ni mambo mawili. Mwanafunzi wa tiba alihitaji kusoma maelezo marefu ya ugonjwa, kuyapima, kuyapinga, kuuliza swali gumu, na mwisho kuandika tasnifu. Alikuwa na akili ya kufanya hayo yote kwa Kisomali. Katika Kiitaliano chake cha miezi sita alikuwa mtoto. Mtu mwenye fikra za miaka 20 anapolazimika kujieleza kwa ulimi wa mtoto, hukimbilia kukariri. Hukariri maelezo ya profesa neno kwa neno kwa sababu hathubutu kuyasema kwa maneno yake mwenyewe. Hana maneno yake mwenyewe. Kila mhadhiri wa Afrika Mashariki anayesoma makala haya ameiona hali hiyo katika karatasi za mitihani anazosahihisha.

Nisieleweke kwamba mtu mzima hawezi kujifunza lugha mpya kuanzia sifuri. Anaweza. Pwani ya Kenya, mjini Malindi, wapo wauza vinyago, madereva na wahudumu wa hoteli wanaozungumza Kiitaliano vizuri bila kuketi darasani hata siku moja. Walijifunza kwa sababu wageni wao wengi ni Waitaliano, na lugha ile inawapa riziki. Lakini muuza vinyago wa Malindi hajifunzi biashara kwa Kiitaliano. Biashara anaijua tayari, na Kiitaliano ni chombo alichokiongeza juu ya ujuzi alionao. Mwanafunzi wa Mogadishu alitakiwa kujifunza lugha na taaluma kwa wakati mmoja, moja ikiwa kizuizi cha nyingine. Hiyo ndiyo tofauti ambayo sera zetu hazitaki kuitazama.

Nani alifaidika?

Tuwe waadilifu. Chuo kile kilitoa madaktari, mawakili, wahandisi na wataalamu wa mifugo ambao nchi iliwahitaji, na wengi wao wamefanya kazi ya kuheshimika nyumbani na ughaibuni. Baadhi ya wasomi wa Kiitaliano waliokwenda huko waliipenda lugha ya wenyeji wao na kuitumikia. Kamusi kubwa ya Kisomali na Kiitaliano iliyochapishwa Roma mwaka 1985, chini ya uhariri wa Francesco Agostini, Annarita Puglielli na Ciise Moxamed Siyaad, ni matunda ya ushirikiano wa kweli. Kwa hiyo siwatuhumu Waitaliano kwa ubaya wa nia.

Lakini mpango wenyewe ulikuwa na kasoro ya msingi. Maprofesa wengi walikuja kwa muhula, wakafundisha, wakarudi kwao. Fedha za kuwalipa hazikujenga walimu wa Kisomali wala vitabu vya Kisomali kwa kiwango kile kile. Kijana wa mjini, mwenye ndugu aliyesoma Italia au mzazi aliyefanya kazi katika ofisi za zamani, aliingia katika muhula wa maandalizi akiwa na hatua kadhaa mbele. Kijana wa mfugaji, yule yule ambaye kampeni ya mwaka 1974 ilimfuata malishoni na kumwambia kwamba lugha yake ni lugha ya elimu, aligundua kwamba ahadi ile ilikuwa na mpaka. Kisomali kilimfikisha mlangoni. Kuingia ndani kulihitaji ufunguo mwingine, na ufunguo huo ulikuwa karibu zaidi na mikono ya wengine.

Waitaliano nao walikuwa wanagenzi

Kinachonishangaza zaidi katika historia hii ni kwamba Italia yenyewe ilikuwa imepita katika njia hiyo hiyo. Kwa karne nyingi vyuo vikuu vyake vilifundisha kwa Kilatini. Kiitaliano kilikuwa lugha ya nyumbani, ya soko na ya ushairi. Ilidaiwa kwamba hakina uwezo wa kubeba falsafa na sayansi. Galileo alipoandika kitabu chake kuhusu mifumo miwili ya ulimwengu mwaka 1632 kwa Kiitaliano, alitaka asomwe na watu wenye akili ambao hawakujua Kilatini. Miaka zaidi ya 100 ilipita kabla Antonio Genovesi hajasimama katika Chuo Kikuu cha Napoli, mwaka 1754, na kutoa mihadhara yake ya biashara na uchumi kwa Kiitaliano. Lilikuwa jambo jipya kiasi kwamba historia imelihifadhi. Miaka 200 baadaye, mwaka 1954, lugha hiyo iliyokuwa imeambiwa haifai chuo kikuu ikafungua taasisi yake Mogadishu.

Na huko Italia, nani alikijua Kiitaliano? Nchi ilipoungana mwaka 1861, mwanaisimu Tullio De Mauro alikadiria kwamba watu waliokimudu Kiitaliano walikuwa asilimia 2.5 hivi tu. Arrigo Castellani, aliyeipinga hesabu hiyo na kuipandisha, hakufika hata asilimia 10. Wengine wote walizungumza lugha za maeneo yao: za Sicilia, za Napoli, za Venezia, za Piemonte. Mtoto wa mkulima wa kusini aliyeingia shule ya serikali mpya alikuwa mwanagenzi wa Kiitaliano kama alivyokuwa Msomali baada yake. Hata mwaka 1960, mwaka ule ule ambao bendera ya udhamini ilishushwa Mogadishu, televisheni ya taifa ya Italia ilianzisha kipindi cha mwalimu Alberto Manzi cha kuwafundisha watu wazima wa Italia kusoma na kuandika. Kipindi hicho kiliendelea hadi mwaka 1968.

Maana yake ni kwamba hakuna lugha iliyozaliwa ikiwa lugha ya chuo kikuu. Kiitaliano kilifikishwa huko na watu walioamua kukiandikia vitabu, kukifundishia, na kuvumilia miaka ya mwanzo ya istilahi zinazogongana. Anayesema leo kwamba Kiswahili "bado hakijakomaa" anairudia kauli ambayo watu wa Kilatini waliwaambia wenzao wa Napoli.

Baada ya mwaka 1991

Mwezi Januari 1991 Siad Barre alikimbia Mogadishu na dola ikaporomoka. Chuo Kikuu cha Taifa kilifungwa, majengo yakaharibiwa, maktaba zikatawanyika. Sababu ya maafa hayo ni siasa na vita, wala si Kiitaliano, na si haki kuibebesha lugha dhambi za majenerali. Lakini vita vilionyesha mizizi ya mpango ule ilikuwa na kina gani. Maprofesa waliondoka, fedha zikakoma, na Kiitaliano kikatoweka katika elimu ya Somalia ndani ya kizazi kimoja. Vyuo binafsi vilivyochipuka baadaye, kama Chuo Kikuu cha Mogadishu kilichoanzishwa mwaka 1997, viligeukia Kiarabu na Kiingereza. Chuo Kikuu cha Taifa kilipofunguliwa tena mwaka 2014, dunia ya wafadhili ilikuwa imebadilika, na lugha ya kigeni ya kutafuta ilikuwa Kiingereza. Katiba ya muda ya mwaka 2012 inataja Kisomali kuwa lugha rasmi na Kiarabu kuwa lugha ya pili. Kiitaliano hakimo.

Waliosoma kwa lugha hiyo walibaki na shahada ambazo wajukuu wao hawawezi kuzisoma. Wengi waliokimbilia Kenya, Uingereza, Uswidi au Kanada ilibidi waanze upya, kwa mara ya pili maishani, lugha nyingine ya kitaaluma. Miongoni mwa wakimbizi hao walikuwamo watu wa Barawa, ndugu zetu wanaozungumza Chimwini, lahaja ya kaskazini kabisa ya Kiswahili, waliokuja Mombasa na maneno ya Kiitaliano yaliyoganda katika usemi wao. Na mahakamani, Kanuni ya Adhabu iliyoanza kutumika mwaka 1964, ambayo msingi wake ni sheria ya Italia, imeendelea kutajwa na mawakili na mahakimu ambao wengi wao hawawezi kuisoma sheria mama. Raia anahukumiwa kwa kanuni ambayo asili yake imefungwa katika lugha ambayo nchi haifundishi tena.

Waswahili husema: usiache mbachao kwa msala upitao. Kisomali kilikuwa mbacha. Kilikuwa kimetandikwa tayari, kimefika sekondari, na wataalamu wake walikuwapo. Ilihitajika miaka mingine 10 au 15 ya kazi ya istilahi na tafsiri ili kiingie katika kumbi za chuo kikuu. Muda huo ulitumika kuwafundisha vijana Kiitaliano cha mwanzo.

Sisi je?

Tofauti yetu na Somalia ni mahali mlango ulipowekwa. Wao waliuweka chuo kikuu. Tanzania imeuweka kidato cha kwanza. Mtoto wa miaka 13 au 14, aliyesoma shule ya msingi ya umma kwa Kiswahili miaka yote, anaamka Januari moja na kukuta fizikia na masomo mengine mengi yamehamia Kiingereza. Naye hupewa wiki kadhaa za kozi ya kumwandaa, kama Msomali alivyopewa muhula. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kutumika sekondari kuanzia mwaka 1985, na hatimaye kifike vyuo vikuu. Serikali haikulitekeleza pendekezo hilo. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ikakitaja Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia katika ngazi zote, huku ikiacha Kiingereza kiendelee. Utekelezaji wake kila mmoja wetu aliuona. Rwanda nayo iliamua mwaka 2008 kuhama kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza, na walimu watu wazima wakawa wanagenzi mbele ya wanafunzi wao.

Kutokana na historia ya Mogadishu napendekeza mambo matatu kwa wanafunzi, wanaharakati na watumishi wa umma wanaoshiriki mjadala huu.

Kwanza, tutenganishe kujifunza lugha na kufundishwa kwa lugha. Kiingereza kifundishwe kama somo, na walimu waliokisomea, tangu mapema na kwa miaka mingi. Kifaransa, Kiarabu, Kichina na Kiitaliano vifundishwe kwa wanaovitaka. Anayetetea Kiswahili darasani hana ugomvi na lugha yoyote. Ugomvi wetu ni na mpango unaomtaka kijana apoteze miaka ya fikra zake akitafuta maneno.

Pili, kila mradi wa elimu unaokuja na lugha ya mfadhili uulizwe swali moja kabla ya kutiwa saini: fedha zikikoma, nani atafundisha, na kwa vitabu gani? Kama jibu halipo, tunajenga juu ya mchanga. Afisa wa wizara anayeandika andiko la mradi ana nafasi ya kulidai jibu hilo kwa maandishi.

Tatu, kazi ya istilahi na tafsiri ipewe bajeti, wala isiachiwe mapenzi ya wachache. *Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia* ilichapishwa na iliyokuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1990. Zaidi ya miaka 30 imepita. Katika chuo hicho hicho shahada za Kiswahili hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiswahili, na tasnifu za uzamivu huandikwa kwa Kiswahili, kwa hiyo hatuwezi kudai kwamba lugha hii haiwezi kubeba utafiti. Kilichobaki ni vitivo vingine kuanza, somo moja baada ya jingine, kama Genovesi alivyoanza na somo moja.

Wasomali walithibitisha ndani ya miaka michache kwamba lugha ya Kiafrika inaweza kupanda kutoka malishoni hadi kidato cha mwisho. Hawakupata nafasi ya kumalizia ngazi iliyobaki, kwa sababu walimwachia mwingine aamue lugha ya chuo chao, na kisha vita vikafunga mlango. Sisi tuna amani, tuna taasisi, na tuna lugha inayozungumzwa na mamilioni ya watu katika nchi kadhaa. Tukiendelea kungoja, itabidi tuwaeleze wanafunzi wetu kwa nini.